Saba kwa Kumi

Ukimwona Mwalimu Gakii akivuka uwanja wa shule asubuhi, leso begani na madaftari kifuani, sauti yake ikitangulia kuwaharakisha watoto, huwezi kudhani kwamba kuna nyumba moja kijijini hapo anayoipita akiwa ameinamisha uso. Lakini ndivyo anavyoipita, kila siku ya Mungu, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kwenda shuleni. Hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyewahi kumtukana. Afadhali wangemtukana, akasikia uchungu siku mbili, yakaisha.

Gakii ni mtu wa Nkubu, kule Meru, kwenye migomba na majani chai na baridi ya alfajiri. Miaka mitatu iliyopita alishuka kwenye gati ya Mtangawanda akiwa na sanduku, godoro lililoviringishwa, barua ya kazi, na tumbo lililovurugwa na mawimbi. Bahari alikuwa ameiona kwenye kalenda tu. Akapakiwa kwenye pikipiki pamoja na godoro lake hadi kijiji hiki cha kisiwa cha Pate, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa wenyewe hawapendi kusemwa. Akapewa Gredi ya Saba yote, mikondo miwili, watoto tisini na wanne. Akapewa Kiswahili, akapewa Mafunzo ya Jamii, na kwa kuwa walimu wa junia, yaani sekondari ya chini, ni haba kuliko masomo yenyewe, akaongezewa na kilimo.

Tusimwonee. Kufundisha alijua. Somo la Misri ya kale, ambalo walimu wengine hulisoma kitabuni huku wakipiga miayo, yeye alilifanya likawa mchezo. Aliwajengesha watoto piramidi la mawe nyuma ya choo cha wavulana, na siku ya kueleza jinsi mafirauni walivyokaushwa alileta samaki na chumvi darasani, akampasua, akamtia chumvi tumboni huku akieleza kwa madaha. Darasa likaangua kicheko. "Mwalimu," akasema mmoja wao, "hii si ng'onda tu?" Kumbe hapakuwa na mtoto pale ambaye hakujua kukausha papa tangu akiwa na miaka sita. Gakii naye akacheka hadi machozi, na kuanzia siku hiyo watoto wakampenda.

Uandishi pia aliufundisha vizuri, kwa maneno. Aliwaambia insha ni barua kwa mtu usiyemwona. Aliwaambia waandike wanachokijua wao, wala si ajali ya barabarani na moto uliozuka sokoni kama vitabu vya mazoezi vinavyotaka, kwa kuwa huko kwao hakuna barabara ya kupatia ajali. Watoto wakamwamini. Wakaandika kurasa mbili, wakaandika tatu. Hapo ndipo penye aibu yenyewe, kwa sababu tisini na wanne mara kurasa mbili ni mlima, na mlima huo ulikuja kila wiki.

Mwanzoni alizisoma zote. Kisha akaanza kuzisoma nusu. Mwalimu Hillary wa hesabu, mtu wa Kitale mwenye moyo mwepesi, alimkuta siku moja kwenye chumba cha walimu amejishika kichwa, akamcheka. "Gakii, hakuna mtu anasoma insha mia moja," alimwambia. "Weka tiki kila aya, zungushia neno moja duara, mpe kati ya sita na nane. Hakuna mtoto ataenda kortini." Gakii alimkemea. Juma lililofuata alifanya kama alivyoambiwa, na lililofuata pia, na kilichomshangaza ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Watoto walipokea madaftari yao, wakahesabu tiki, wakafurahi.

Sasa kuna jambo jingine la kueleza, la mwezi wake wa kwanza pale kisiwani. Gakii alikuwa anawasha jiko mlangoni kwake, akaokota karatasi iliyopeperushwa na upepo, akaitia kwenye makaa. Jirani yake alipiga ukelele, wanawake wakatoka majumbani. Ilikuwa karatasi ya juzuu, iliyochanika kutoka kwa mtoto fulani wa madrasa. Gakii alisimama pale, hajui hata aombe radhi kwa lugha gani. Aliyemwokoa ni Ustadh Abdulwahid, mwalimu wa madrasa, mtu mfupi mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Hakuyua," aliwaambia wale wanawake, "na Mola ayua kuwa hakuyua." Kisha akampeleka Gakii hadi mlango wa madrasa, akamwonyesha gunia lililotundikwa ndani kwenye msumari. Misahafu iliyoliwa na mchwa, juzuu zilizopasuka, kipande chochote chenye jina la Mungu, vyote hutiwa humo. Kila mwaka katika mwezi wa Mlisho, kabla ya Ramadhani, gunia hufungwa na mawe likazamishwa kwenye maji ya kina kirefu. "Karatasi kama hiyo ukiiona ndiani, niletee mimi," alimwambia. "Sisi hatuitupi, wala hatuitomi moto jikoni."

Tangu siku hiyo Gakii alikuwa na hofu ya herufi za Kiarabu. Alipoona kipande uwanjani alikiokota kwa mikono miwili, akakipeleka. Wanawake wakamsifu: mwalimu ni Mkristo lakini ana adabu. Sifa hiyo ilimpendeza sana, na ukweli usemwe, alipenda kuonekana akikipeleka.

Basi mwaka huu, mwezi wa Februari, akawapa watoto kazi ya nyumbani. Kila mmoja alete kitu cha kale kutoka kwao, aandike insha kukieleza: ni nini, cha nani, kimetoka wapi. Chumba cha walimu kikajaa. Vikaja vitasa vya mlango, mbuzi wa kukunia aliyechakaa, mabuli ya kahawa, kitana cha mti, sahani zenye nyufa, hata redio ya mwaka wa themanini ambayo mwenyewe aliapa kuwa ni ya enzi za Wareno. Siku ya Alhamisi, kengele ya kwenda nyumbani imekwishalia, akaja Ruwaida na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Ruwaida ni msichana wa maneno machache, wa kukaa dawati la pili dirishani. "Mwalimu, hiki changu," alisema. "Kesho twaenda Amu, kwa harusi ya mamangu mdogo. Lakini nimeeleza yote kwenye insha." Gakii alikuwa anatafuta ufunguo wa kabati. "Sawa, weka hapo," alisema, na hakugeuka.

Jumamosi mchana alikaa barazani kwake, akamaliza madaftari yote tisini na manne kabla chai haijapoa. Jumatatu ikaja habari kwamba maofisa wa elimu watapita kesho yake. Mwalimu mkuu, Bwana Famau, akaamuru chumba cha walimu kisafishwe. Watoto wakarudishiwa vitasa vyao na mabuli yao. Mwisho mezani kikabaki kifurushi kimoja, kando ya kikombe cha chai cha Hillary na maganda ya mayai. Gakii akainua ncha ya kitambaa, akaona karatasi za manjano zilizotobolewa na mchwa. Mstari wa juu aliutambua kwa umbo, maana ameuona mara nyingi: Bismillahi. Msahafu, kwenye maganda ya mayai, na maofisa wanakuja!

Kitambaa kile alikumbuka kukiona mkononi mwa mtoto. Mtoto gani, hakujisumbua. Alikifunga tena vizuri, akanawa mikono, akakibeba kifuani kupitia katikati ya kijiji, akawaitikia salamu wote waliomsalimu. Ustadh alikuwa na darasa la watoto wadogo. "Ustadh, nimeleta ya kutia kwenye gunia," alisema mlangoni. Ustadh alikipokea kwa mikono miwili, akaangalia pale kitambaa kilipoachama, akaona anachokiona kila siku, akashukuru. Siku ya pili yake gunia likaenda majini.

Ruwaida alirudi kutoka Lamu baada ya siku kumi na mbili, hina bado mikononi. Alipewa daftari lake. Aliliangalia kwa muda mrefu kuliko wenzake, kisha mapumzikoni akamfuata mwalimu chini ya dirisha. "Mwalimu, yale makaratasi ya bibi," alisema taratibu. "Bibi ayataka."

Hapo Gakii alijua. Haikumchukua hata nafasi ya kupepesa macho. Alijua yote kwa pamoja, kitambaa, mtoto, gunia, bahari. Angeweza kusema. Palikuwa na watoto wengine karibu, Bwana Famau alikuwa anapita, na jua lilikuwa kali. Sababu zote hizo alijipa baadaye. Alilomwambia mtoto ni hili: "Vitu vyote vilirudishwa. Kaangalie vizuri nyumbani, au mlisahau Amu." Ruwaida alimtazama usoni, mara moja tu. "Ndio, mwalimu," akasema, akaenda zake.

Ramadhani ikaingia. Gakii alijaribu kujifariji kwamba ni karatasi tu za dini, na za dini zimekwenda zinakokwenda za dini, hakuna aliyedhulumiwa. Lakini Ruwaida aliacha kuinua mkono darasani. Kisha akaacha kwenda na wenzake mapumzikoni. Siku moja Ustadh alipita shuleni kuzungumzia ratiba ya mfungo, na akiwa anaaga akasema, kama mtu asemaye habari za mvua, "Nyumba ya Bi Hadia wana msiba. Yule mjukuu wao Ruwaida amewata kitabu cha wazee wao huko Amu, harusini. Mamake amepiga simu kila nyumba. Na bibi, tangu yana, hasemi na mtoto."

"Kitabu gani?" Gakii aliuliza. Sauti ilikuwa yake lakini aliisikia kwa mbali.

"Cha kuandikwa kwa mkono. Mimi sijakiona. Ni cha wanawake, hawatuonyeshi."

Gakii aliingia Gredi ya Saba, akasema anataka madaftari ya insha, ana maksi za kunakili. Uongo mwingine huo, mdogo, lakini tuuhesabu pia. Alitoka na rundo zima ili achukue moja. Alijifungia kwenye stoo ya vitabu, akakaa juu ya katoni ya chaki, akaisoma insha ya Ruwaida kwa mara ya kwanza. Hii hapa, kama ilivyo.

"Kitu cha kale nilicholeta ni kitabu cha nyumbani kwetu. Hakikununuliwa. Ni karatasi ishirini zilizofungwa kwa kipande cha kanga ya bibi. Watu wakikiona hudhani ni msahafu kwa sababu ni herufi za Kiarabu na kinaanza kwa Bismillahi, lakini ndani ni Kiswahili chetu cha hapa. Wa kwanza kuandika ni Mwana Nuru, ambaye ni bibi wa bibi wa bibi yangu. Ameandika watoto wake sita walizaliwa siku gani na wawili walikufa kwa ndui. Ameandika mwaka ambao visima viliingia chumvi, watu wakahama. Ameandika namna ya kumkanda mzazi na dawa ya mtoto asiyelala. Baada yake, kila mwanamke wa nyumba yetu akihitimu Kurani anaandika ukurasa wake mmoja, na akiwa na zaidi anaongeza. Bibi ameandika siku aliyoolewa, kwamba alilia na watu wakadhani analilia mama yake, kumbe alikuwa anamlilia paka. Mama ameandika nusu ukurasa tu. Alisema hana la kusema na bibi alimkasirikia. Karatasi ya ishirini haina kitu. Hiyo ni yangu. Mimi nitahitimu baada ya Idi. Mwalimu alisema Misri ya kale walioandika walikuwa makarani wa mfalme na walilipwa. Kwetu walioandika ni kina mama na hawakulipwa. Nafikiri hii pia ni historia ya kale lakini sina hakika. Mwalimu, tafadhali usikiweke penye mchwa wala usimpe mtu. Bibi alikataa nisikilete. Nilimwambia mwalimu wetu husoma kila kitu tunachoandika, ndipo akakubali."

Chini yake palikuwa na wino mwekundu. Saba kwa kumi. Vizuri. Zingatia aya. Tiki tatu pembeni, na neno "paka" limezungushiwa duara, kwa kosa ambalo hata mwenye kalamu hakulijua.

Gakii hakulia. Kulia kungekuwa kujionea huruma. Alikaa kwenye ile katoni uso ukimwaka, masikio yakimwaka, akatamani mtu afungue mlango amkute pale alivyo. Kilichomchoma zaidi hakikuwa bahari. Ni kwamba Ruwaida alipokea daftari, akaona tiki, na akajua. Mtoto alijua tangu siku ile chini ya dirisha kwamba insha haikusomwa, maana asingehitaji kuuliza kitabu kiko wapi kama ingesomwa. Alijua, na bado alikwenda nyumbani akabeba lawama yote peke yake, siku kumi na moja, kwa adabu tu ya kutomfedhehesha mwalimu.

Alikwenda kwa Ustadh kwanza, adhuhuri ile ile. Ustadh alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa chini. Alivua miwani. "Mimi ndiye nisomao herufi hizi," alisema. "Ningefungua ukurasa mmoya tu ningeyua. Sikufungua." Akafikiri. "Sikiza, Bi Gakii. Wewe ni mgeni, na wao ni watu wako wa kuishi nao. Nitamwambia Bi Hadia kuwa kosa ni langu. Wewe uwate, usiseme kitu."

Gakii alisema ahsante. Ndiyo, alisema ahsante, na akatoka pale mwili umekuwa mwepesi, na alitembea mwepesi hivyo hivyo hadi kisimani. Hapo wepesi wenyewe ukamtisha. Alikuwa ameshaanza kupanga kesho atafundisha nini. Akageuka, akarudi kumwambia Ustadh asiseme neno, kisha akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Bi Hadia, daftari mkononi, kabla miguu haijapata wazo jingine.

Ilikuwa baada ya alasiri. Bi Hadia alikuwa uani amekalia mbuzi, anakuna nazi ya futari, mwanamke mrefu mkavu wa miaka sabini na kitu. Ruwaida alikuwa pembeni anachambua mchele kwenye ungo. Alipomwona mwalimu wake mikono ilisimama.

"Ndoo, mwalimu, karibu," Bi Hadia alisema. "Ruwaida, mpe mwalimu mkeka. Mletee na mayi ya baridi, yeye hafungi."

"La, bibi, sitaki maji."

"Mgeni hakai na kiu nyumbani kwangu."

Maji yakaletwa kwenye glasi nzuri, ya kabatini, juu ya sahani. Watu wote wa nyumba ile walikuwa na kiu tangu alfajiri. Gakii aliishika ile glasi akashindwa kuipeleka mdomoni, akashindwa pia kuiweka chini, akasema yote akiwa ameishika hivyo. Alisema Ruwaida hakupoteza kitu. Kitabu aliachiwa yeye, mwalimu. Aliona Bismillahi akadhani ni msahafu, akaupeleka kwa Ustadh utiwe kwenye gunia, na gunia limezamishwa. Alisema mtoto alipokuja kuuliza alimdanganya, kwa woga. Akaomba radhi kwa Kiswahili, kisha bila kujua akarudia kwa Kimeru.

Bi Hadia hakusema naye kwanza. Alimgeukia mjukuu. "Mwanangu, niwie radhi," alisema. "Nimekudhulumu." Ruwaida aliinama kwenye ungo, mabega yakimtikisika, na bibi yake akamwacha alie mpaka amalize. Nazi nusu ilikuwa bado mkononi mwake.

"Wamezamisha wapi?" akauliza hatimaye.

"Ustadh anasema nje ya mlango wa bahari, penye kina."

"Basi ni mbali. Mwana Nuru alikuwa na khati nzuri. Wewe hukuiona kwa kuwa huisomi, lakini ilikuwa nzuri." Akaanza tena kukuna nazi, polepole, kisha akaacha. "Mtoto aliandika, siyo? Alinambia aliandika habari za kitabu. Mimi herufi zenu hizo sizisomi. Nisomee."

Gakii akasoma. Alisoma vizuri, alikuwa na sauti ya kusomea. Kwa Mwana Nuru na watoto wake wa ndui Bi Hadia alitikisa kichwa. Kwa yule paka alitabasamu, na machozi yakamtoka papo hapo. Alipofika kwenye mstari wa mwisho, ule wa mwalimu wetu husoma kila kitu, Gakii aliuona unakuja. Akasoma hadi "Bibi alikataa nisikilete," akafunga daftari. Alijiambia kwamba anamwepushia mama mzee uchungu. Ruwaida aliinua macho kutoka kwenye ungo, akayashusha.

"Ni hayo tu?" Bi Hadia aliuliza.

"Ni hayo tu."

"Basi ndiyo yaliyosalia." Bi Hadia alifuta mikono kwenye leso, akanyoosha mkono. "Karatasi hiyo itolewe humo, nipe. Nitaifunga kwenye kanga nyingine. Wengine nawakumbuka kidogo, nitamwambia Ruwaida aandike, lakini maneno yao wenyewe siyayui yote. Na wewe mwalimu, uandike."

"Niandike nini, bibi?"

"Lililotokea. Nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Watakuya wajukuu wa huyu, watauliza mbona kitabu chaanzia hapa, cha Mwana Nuru kiko wapi. Mimi sitakuwapo kuwajibu. Wajibu wewe. Tia na jina lako na nti ulikotoka."

Gakii hajawahi kupewa kazi ngumu kuliko hiyo. Alitoa kalamu, ya buluu, akaandika akiwa amekalia mkeka, daftari juu ya goti. Aliandika kama anavyowafundisha watoto, mwanzo, kiini, mwisho. Yeye ni Gakii, mwalimu, mtu wa Nkubu katika Meru. Kitabu cha nyumba hii aliachiwa mwaka huu, mwezi wa Mlisho. Kwa kutojua herufi zake alikidhania msahafu, na kwa kuiheshimu dini ya wenyeji akakipeleka kikazamishwe. Mtoto Ruwaida hana kosa. Anaomba msamaha kwa wote waliokuja na watakaokuja. Aliisoma kwa sauti, na hata yeye aliona kuwa imepangika vizuri. Ukiisikia ungemhurumia mwandishi wake, mgeni mwenye adabu aliyeponzwa na adabu yake.

"Vyema," alisema Bi Hadia. "Imetosha."

Gakii alianza kuchana ile karatasi kutoka kwenye daftari, taratibu, asiipasue.

"Mwalimu," Ruwaida alisema. Alikuwa bado anaangalia mchele. "Kuna kitu hukuandika."

Kule nje mtu alikuwa anafukuza punda mlangoni.

"Kitu gani, Ruwaida?"

Msichana akakusanya punje za mchele katikati ya ungo kwa kiganja, akazitawanya tena. Ilionekana wazi kuwa angetoa chochote asiseme. "Kuwa hukusoma," alisema.

Bi Hadia aliweka nazi chini. Macho yake yalikwenda kwa mjukuu, yakaja kwa mwalimu, na yalikuwa macho ya mtu ambaye mpaka dakika hiyo alikuwa amesamehe. "Hakusoma nini?"

Gakii aliilaza tena karatasi juu ya goti. Ilikuwa imechanika nusu. Chini ya ule msamaha wake uliopangika palikuwa na nafasi ya mistari miwili, na aliijaza yote kwa mwandiko ambao angemrudishia mtoto wa gredi ya tatu aurudie. Kisha, kwa kuwa Bi Hadia alikuwa angali anangoja jibu na herufi zile hazisomi, ilimbidi ainue uso na kumsomea.

"Mtoto alieleza yote katika insha," alisoma. "Nilimpa saba kwa kumi, na insha yake sikuisoma."